Ukiacha dawa ya asidi tumbo linawaka kuliko mwanzo? Tuizungumze gastrini, homoni inayootesha ngozi ya ndani ya tumbo

Mkata Slaidi (mleta uzi)

Habari za jioni wakuu.

Uzi huu nimekaa nao kichwani muda mrefu. Nafanya kazi maabara ya patholojia. Vile vipande vya nyama ambavyo daktari hunyofoa tumboni kwa mpira wenye kamera, kimoja hakifiki punje ya mchele, vinaishia mikononi mwangu. Tunavizamisha kwenye nta, tunavikata vyembamba mno, tunavitia rangi, tunaviweka chini ya hadubini. Ngozi ya ndani ya tumbo la binadamu naijua kwa macho kama fundi cherehani anavyokijua kitambaa.

Na nyumbani nina dada yangu ambaye ametumia omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi tumboni, miaka minne. Alianza kwa sababu ya kweli: kiungulia, daktari akamwandikia ya wiki nne. Zilipoisha akaacha, na siku ya tano tumbo likawaka kuliko lilivyowaka kabla hajaonja kidonge. Akaenda duka la dawa akanunua mwenyewe. Baada ya miezi sita akajaribu tena kuacha, moto ule ule. Tangu hapo ameamini ana vidonda sugu visivyosikia dawa. Amepigwa kamera mara mbili. Hana kidonda, hana hata mchubuko. Hakuna aliyekaa naye dakika kumi kumweleza kinachotokea, na inaniuma kwamba hata mimi nilichelewa.

Nivumilieni, jambo lenyewe linaanzia mbali kidogo.

Watu wengi hulichukulia tumbo kama mfuko wa ngozi uliotiwa asidi, ukitoboka umetoboka. Chini ya hadubini linafanana zaidi na bustani. Kuna vishimo vingi vimepangana kama mashimo ya bao, na kila kishimo kinashuka kwenye vijifereji virefu. Seli za juu kabisa, zile zinazotoa ute, hazikai sana: ndani ya siku chache zinabanduka, zinashuka na chakula, na nyingine zinapanda kushika nafasi. Seli zinazotengeneza asidi zimekaa chini zaidi na zinaishi kwa muda mrefu zaidi. Kwa panya, ambao ndio waliopimwa vizuri, ni kama siku 54. Zile zinazotoa pepsini, kitu kinachovunjavunja protini, huko chini kabisa huenda miezi. Katikati ya kijifereji, penye shingo, ndipo zilipo seli shina zinazozaa zote hizo, nyingine zikipanda juu, nyingine zikishuka.

Sasa seli shina hizo hazizai ovyo. Zinasubiri amri, na amri kubwa mojawapo inatoka kwenye homoni inayoitwa gastrini.

Gastrini inatengenezwa na seli za G zilizoko sehemu ya chini ya mfuko wa chakula, karibu na mlango wa kutokea kwenda utumbo mdogo. Ukila nyama, maharage, maziwa, chochote chenye protini, vipande vya protini vikizigusa seli za G zinaimwaga gastrini kwenye damu. Inazunguka mwili mzima ndipo inarudi tumboni kwa njia ya damu, sehemu ya juu ya mfuko. Huko inabisha hodi kwa seli nyingine, niziite seli za histamini. Hizo zinatoa histamini, histamini inaziamsha jirani zao seli za asidi, na pampu zinaanza kazi.

Asidi ikishajaa, seli nyingine tena zinahisi ukali na kutoa somatostatini, ambayo inaziambia seli za G zinyamaze. Mzunguko umefunga. Hapo ndipo vipeperushi vingi huishia.

Lakini gastrini ni nyapara mwenye amri mbili kwa pumzi moja. Ya kwanza: toeni asidi sasa hivi. Ya pili, ya taratibu, inayochukua siku na wiki: ongezekeni. Seli za histamini zinagawanyika na kuwa nyingi. Kwenye shingo ya vijifereji uzazi unaongezeka, seli za asidi zinaongezeka pia. Panya waliozaliwa bila uwezo wa kutengeneza gastrini wana seli chache za asidi na karibu hawatoi asidi kabisa. Na zamani zaidi, watafiti walipomkata panya ile sehemu ya chini ya tumbo yenye seli za G, ngozi ya sehemu ya juu ilinyauka. Wakimchoma sindano ya gastrini ya kutengenezwa, hainyauki.

Rudini sasa kwa dada yangu. Omeprazoli inaziba pampu za asidi, na inaziba kweli kweli. Asidi ikipungua, seli za somatostatini hazina cha kuhisi, zinanyamaza. Seli za G hazina wa kuzizuia, gastrini inapanda na kukaa juu mwezi baada ya mwezi. Nyapara anapiga kelele "ongezekeni!" kwa kiwanda ambacho mitambo yake imefungwa minyororo. Na kinaongezeka. Haya nayaona mwenyewe: slaidi ya mtu aliyetumia dawa hizi muda mrefu naitambua kabla sijasoma fomu. Seli za asidi zimevimba na kuchomoza ndani ya mfereji, ukingo wake unakuwa kama meno ya msumeno.

Siku anayoacha kidonge minyororo inakatika. Pampu mpya zinatengenezwa ndani ya siku chache. Gastrini inaanza kushuka, ila zile seli za ziada za histamini zilizooteshwa haziondoki kwa siku chache, zinahitaji wiki, hata miezi. Kiwanda kimepanuliwa na sasa kinafanya kazi chote. Ndiyo siku ya tano ya dada yangu.

Kuna utafiti uliotoka Denmark mwaka 2009 ambao naukumbuka kila mara. Walichukua watu 120 wazima, wasio na shida yoyote ya tumbo. Nusu walipewa esomeprazoli, ndugu wa omeprazoli, wiki nane, kisha kidonge kitupu kisicho na dawa wiki nne bila kujua kimebadilishwa. Nusu walipewa kitupu wiki zote kumi na mbili. Katika zile wiki nne za mwisho, asilimia 44 ya waliotoka kwenye dawa walipata kiungulia, tumbo kuwaka au asidi kupanda kooni, dhidi ya asilimia 15 ya wenzao. Watu wazima hao, walioingia hawana kitu.

Dada yangu aliposikia hili alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza, "Kwa hiyo miaka yote hii ilikuwa dawa yenyewe?" Nikamwambia kwa sehemu, ndiyo.

Tafadhali, nawaomba sana: asikurupuke mtu kuacha dawa usiku huu kwa sababu ya uzi wangu. Kuna wanaoihitaji kweli. Tutafika huko.

---

Binti wa Pangani

Mkuu ahsante, nimesoma mara mbili. Sasa hofu yangu: homoni inayoamrisha seli kuzaana, ikikaa juu miaka, si ndiyo saratani hiyo? Mama yangu anatumia mwaka wa sita.

---

Mkata Slaidi

Dada, hofu yako waliokuwa nayo kwanza ni watengenezaji wenyewe. Miaka ya 1980, kabla omeprazoli haijaanza kuuzwa, panya walipewa dozi kubwa kila siku kwa miaka miwili, yaani karibu umri wote wa panya, na baadhi yao, hasa majike, waliota uvimbe wa zile seli za histamini. Majaribio yalisimama kwa muda. Swali likawa: ni sumu ya dawa, au ni gastrini? Panya waliokatwa kwanza ile sehemu ya chini yenye seli za G, dawa haikuziotesha seli zao. Na dozi kubwa za dawa nyingine za kuzuia asidi, zisizofanana na omeprazoli hata kidogo, zilileta mambo yale yale. Ikaeleweka ni gastrini.

Kwa binadamu dawa hizi zimetumika tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 na watu wengi mno. Seli za histamini zinaongezeka, hilo linaonekana. Kutoka hapo kwenda kwenye uvimbe ni nadra, kwa sababu gastrini ya mtu mwenye dawa haipandi kama ya panya wale. Mama asiishi kwa woga. Ila miaka sita inastahili swali moja kwa daktari: bado anaitumia kwa sababu gani?

Pale ambapo gastrini inapanda kupita kiasi tunajifunza nguvu yake halisi. Mwaka 1955 madaktari wawili wa upasuaji huko Ohio, Marekani, Zollinger na Ellison, walieleza wagonjwa wawili wenye vidonda vikali vilivyokuwa vinarudi hata baada ya kupasuliwa tena na tena. Wote wawili walikuwa na uvimbe kwenye kongosho. Baadaye ikajulikana uvimbe wa namna hiyo unamwaga gastrini usiku na mchana bila breki. Matumbo ya wagonjwa hawa yana mikunjo minene na seli za asidi mara kadhaa ya kawaida. Amri ya pili ya nyapara, ikiwa haikomi.

Upande wa pili ni watu ambao kinga ya mwili wao inashambulia seli za asidi mpaka zinakwisha. Hakuna asidi, kwa hiyo gastrini inapaa. Hao hupata upungufu wa damu wa vitamini B12, na baadhi huota vijivimbe vidogo vya seli za histamini. Hapa ndipo pananishangaza mpaka leo: kwa wengi wao, ukiikata ile sehemu ya chini ya tumbo inayotoa gastrini, vijivimbe vya juu, ambavyo hukuvigusa, vinasinyaa. Havina wa kuviamrisha tena.

---

Mzee Kahawa

Kijana, mimi nilitibiwa wale bakteria kwa dawa za siku kumi na nne nikapona kabisa. Sasa hii gastrini inaingia wapi? Tulielezwa kidonda ni bakteria.

---

Mkata Slaidi

Shikamoo mzee. Umeelezwa sawa, na hayo mawili yanakutana.

H. pylori, ndio bakteria hao, ambao kwetu wengi huwapata tangu utotoni, wakipiga kambi sehemu ya chini ya tumbo wanaifanya ngozi ivimbe, na kuvimba huko kunazidhoofisha seli za somatostatini. Breki imelegea, seli za G zinamwaga gastrini kuliko inavyotakiwa, sehemu ya juu ya tumbo ambayo bado ni nzima inatii: asidi inaongezeka, inamiminika kwenye mwanzo wa utumbo mdogo, kidonda kinachimbika huko. Wakiuawa, gastrini inashuka. Ndiyo maana dawa za siku kumi na nne zilikuponya moja kwa moja na wewe hukuhitaji kidonge cha maisha.

Kwa wengine wanasambaa mpaka juu, na baada ya miaka seli za asidi zinakufa, ngozi inanyauka, mahali pa seli za tumbo panaota seli zinazofanana na za utumbo. Slaidi za namna hiyo huwa natazama polepole zaidi. Huko ndiko saratani ya tumbo huanzia kwa wengi, na wagonjwa hao mara nyingi hawana asidi ya kutosha hata ya kuwaunguza. Mtu hana maumivu makali, anadhani yuko salama.

Kitu kimoja kwa wanaotaka kupima: kama unatumia omeprazoli au ndugu zake, kipimo cha kinyesi kinaweza kusema huna bakteria kumbe wamejificha. Kwa kawaida husimamishwa wiki mbili kabla ya kipimo, na antibiotiki wiki nne. Na kile kipimo cha damu kinaweza kusoma una bakteria miaka mingi baada ya kupona. Nimeona watu wakirudia dozi za bure kwa sababu ya karatasi hiyo.

---

Nyota ya Asubuhi

Naomba kuuliza kuhusu funga. Ramadhani huwa nafunga na nina kiungulia. Kama chakula ndicho kinaamsha gastrini, je, kutokula kunaidhoofisha ngozi ya tumbo?

---

Mkata Slaidi

Swali zuri sana. Panya wakinyimwa chakula siku kadhaa mfululizo, gastrini inashuka, seli shina zinapunguza kuzaa na ngozi inakuwa nyembamba. Hata wakilishwa kwa mshipa wa damu wakapata nguvu zote za mwili, bado inapungua, kwa sababu chakula hakikupita tumboni kuziamsha seli za G. Wakichomwa gastrini, haipungui vile. Wakirudishiwa chakula, uzazi wa seli unaamka tena.

Lakini panya huyo hakufuturu wala hakula daku. Wewe unakula usiku. Kwa mtu mzima mwenye afya saa hizo za mchana hazitoshi kulinyausha tumbo. Kinachowaumiza wengi Ramadhani ni futari nzito kwa mkupuo, kisha kulala chali. Mwenye kidonda kilichothibitishwa, au aliyewahi kutapika damu, aongee na daktari kabla ya mwezi kuandama.

---

Dawa Baridi

Mimi ni mfamasia, naomba niongeze kwenye kuacha dawa maana mleta uzi amepagusia tu.

Wasioacha bila daktari: aliyewahi kutokwa damu tumboni, anayetumia aspirini ya moyo kila siku au vidonge vya maumivu vya muda mrefu, mwenye koo la chakula lililoharibiwa na asidi, na mwenye ugonjwa huo wa Zollinger na Ellison. Na ukiona kinyesi cheusi kama lami, unatapika damu, unapungua uzito au chakula kinakwama, nenda hospitali, usisome uzi.

Wengine, mkikubaliana na daktari, tunashusha ngazi. Aliye kwenye miligramu 40 ashuke 20 kwa wiki mbili hadi nne. Kisha siku moja anywe, siku moja aache. Siku ya moto atafune maginisia, inatuliza asidi iliyokwishatoka bila kuifunga pampu. Ajue mapema kwamba wiki za mwanzo zitawaka. Wateja wangu wanaoambiwa hivyo kabla, wengi wanavuka. Wasioambiwa wanarudi siku ya tano, kama dada wa mleta uzi.

Na diklofenaki jamani, kile kidonge cha maumivu. Watu wanameza kwa mgongo, kwa jino, kwa uchovu wa shamba. Inazima prostaglandini, ambazo ndizo zinazoshikilia ute na damu ya kulisha ile ngozi. Unaua ulinzi, halafu unanunua omeprazoli kuzima moto.

---

Mkata Slaidi

Mkuu Dawa Baridi, ubarikiwe, hapo kwenye kumwambia mtu kabla ndipo penyewe.

Niongeze kuhusu ngozi kujiponya, maana gastrini haifanyi kazi peke yake. Kwenye mate yetu kuna protini iitwayo kipengele cha ukuaji cha ngozi ya juu. Stanley Cohen aliigundua kwenye tezi za mate za panya, akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1986 pamoja na Rita Levi-Montalcini. Inaziita seli zigawanyike na kufunika jeraha. Tumbo lenyewe pia hutengeneza ndugu yake. Ikizidi nayo ina shida: kuna ugonjwa nadra wa Ménétrier, ambapo huyo ndugu anazidi, seli za ute zinaota kupita kiasi mpaka mikunjo ya tumbo inakuwa kama ya ubongo, huku seli za asidi zikipungua. Linganisheni na wale wa Zollinger na Ellison. Kwa mbali mikunjo yote ni minene. Chini ya hadubini wa Zollinger na Ellison wameota seli za asidi, wa Ménétrier za ute, kwa sababu aliyetoa amri ni tofauti.

---

Binti wa Pangani

Nani aliigundua hiyo gastrini mkuu? Nina mwanangu kidato cha tano, anachukua baiolojia.

---

Mkata Slaidi

Mpe kisa hiki, atakipenda.

Mwaka 1905, London, John Edkins alichukua ngozi ya sehemu ya chini ya tumbo la mnyama, akaitengenezea maji yake, akamchoma paka kwenye mshipa, na tumbo la paka likatoa asidi. Akasema kuna homoni, akaiita gastrini. Neno homoni lenyewe lilikuwa jipya, mwaka huo huo. Kisha ikagunduliwa histamini, ikaonekana nayo inatoa asidi tena kwa nguvu, na ipo kwenye ngozi ya tumbo. Wakubwa wa fani wakasema Edkins alichoma histamini bila kujua. Alifariki mwaka 1940 wengi wakiwa bado hawamwamini, ingawa mwaka 1938 Simon Komarov huko Montreal alikuwa ameshaitoa gastrini isiyo na histamini. Mwaka 1964, Liverpool, Roderic Gregory na Hilda Tracy waliisafisha kutoka matumbo ya nguruwe mpaka ikabaki yenyewe: mnyororo wa amino asidi 17, na nguvu yote imekaa kwenye nne za mwisho.

Na waliompinga Edkins hawakuwa wamekosea kuhusu histamini kuwepo. Gastrini inapita kwa histamini. Zote mbili zilikuwepo kwenye maji yale.

---

Mzee Kahawa

Dada yako anaendeleaje?

---

Mkata Slaidi

Mzee, ahsante kwa kumkumbuka. Daktari wake alikubali ashuke ngazi. Yuko wiki ya saba, siku moja anakunywa, siku moja anaacha. Wiki ya pili alinipigia saa nane usiku analia, anasema kimerudi. Nikamwuliza kinawaka vipi, wapi, ametapika, choo kina rangi gani. Hakuna dalili mbaya. Akatafuna maginisia, akakaa kitako akiegemea mto, tukaongea mpaka alfajiri. Nilimweleza tena habari ya zile seli: zimeota kwa kuamrishwa, amri imepungua, zitapungua, ila hazina haraka.

Jana amekula pilipili kidogo na samaki wa kupaka. Ananiambia hajui kama afurahi au asubiri. Nimemwambia asubiri wiki nne nyingine, kisha nitaleta jibu hapa.